Mama Aliyekataa Dawa na Mwana Aliyeimba Hasira

Wenzetu wa nchi za baridi huhesabu misimu minne katika mwaka. Kwa hesabu hiyo, mtoto anapotimiza miaka 18 huwa amepita katika misimu 72. Tarehe 14 Aprili 2023 bendi ya Metallica ya Marekani ilitoa albamu yenye jina hilo, "72 Seasons", yaani Misimu 72. Mwimbaji wake, James Hetfield, ambaye wakati huo alikuwa akikaribia umri wa miaka 60, alieleza kwamba jina hilo linahusu miaka 18 ya kwanza ya maisha ya mtu. Alisema kwamba mengi tunayoyafanya ukubwani ni kuyarudia yale tuliyoyapata utotoni au kupambana nayo.

Mama mwenzangu, huenda jina la Metallica hulijui. Au umeliona kwenye fulana ya kijana wako, limeandikwa kwa herufi zenye ncha kali kama radi, ukaguna. Una haki ya kuguna. Muziki wenyewe si wa kumbembelezea mtoto mchanga. Magitaa hulia kwa kasi, ngoma hupigwa kama mvua ya mawe juu ya bati, na mwimbaji hunguruma. Lakini naomba unifuate hadi mwisho. Nyuma ya kelele hizo yumo mtoto wa miaka 16 aliyefiwa na mama yake, na mama huyo alikuwa mtu wa dini aliyesali kila siku. Habari za mama huyo na mwanawe zinatuhusu sisi tunaosali, tunaougua, na tunaolea.

Nyumba ya Downey

James Alan Hetfield alizaliwa tarehe 3 Agosti 1963 katika mji wa Downey, karibu na Los Angeles, jimbo la California. Baba yake, Virgil, alikuwa mtu wa kazi ya malori. Mama yake, Cynthia, alikuwa mwimbaji wa opera nyepesi, yaani ile michezo ya jukwaani ambayo wahusika huimba. Cynthia aliingia katika ndoa hiyo akiwa na wavulana wawili wa ndoa yake ya kwanza, kisha akamzaa James na binti mdogo. James alipofika miaka 9 alianzishiwa masomo ya piano. Kwa hiyo tusidhani kwamba muziki aliuokota mtaani. Aliupata nyumbani, kwa mama.

Wazazi hao walikuwa waumini wa dhehebu liitwalo Christian Science, maana yake Sayansi ya Kikristo. Dhehebu hilo lilianzishwa Marekani na mwanamke aliyeitwa Mary Baker Eddy. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1875, na kanisa likaundwa mwaka 1879. Mafundisho yake ni kwamba ugonjwa hauna uhalisi wa kweli mbele ya Mungu, na kwamba uponyaji huja mtu anapoifahamu kweli hiyo kwa sala. Dhehebu lenyewe husema kwamba muumini yuko huru kuamua juu ya matibabu yake. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za waumini wa zamani, kumwita daktari kulihesabiwa kuwa upungufu wa imani.

Katika mahojiano mbalimbali, Hetfield ameeleza jinsi mafundisho hayo yalivyomtenga na wenzake. Darasani, somo la afya lilipofika, yeye alitakiwa atoke nje akasimame ukumbini, kwa sababu wazazi hawakutaka afundishwe habari za mwili na magonjwa. Wenzake walimwona ni mtoto wa ajabu. Kanisani nako alimwona msichana aliyesimama kushuhudia kwamba mkono wake uliovunjika umepona, kumbe mkono ule ulikuwa umeungana vibaya na kila mtu aliuona umepinda. Mtoto aliona jambo moja kwa macho, na watu wazima wakamwambia jingine.

Alipokuwa na miaka 13, baba aliondoka nyumbani. Kwa maelezo ya Hetfield mwenyewe, watoto waliambiwa kwamba baba amesafiri kikazi. Safari ile haikuwa na mwisho. Ulipita muda mrefu kabla mama hajawaambia kwamba baba hatarudi.

Ugonjwa usiotajwa

Baada ya miaka michache Cynthia alianza kuugua. Ilikuwa saratani. Kwa imani yake hakutaka kutibiwa hospitalini, na ndani ya nyumba ugonjwa haukutajwa kwa jina. Hetfield amesimulia kwamba yeye na dada yake walimwona mama akikonda na kuisha mbele ya macho yao. Walitazamana wao kwa wao, wala hawakuweza kusema neno. Kuutaja ugonjwa kungekuwa kama kuukubali, na kuukubali kungekuwa kama kumsaliti mama na imani yake.

Cynthia alifariki mwaka 1980. James alikuwa na miaka 16. Baadaye alieleza kwamba hapakuwa na nafasi ya kuomboleza, na kwamba hakuna mtu aliyekaa naye chini kumweleza yaliyotokea. James alihamia kwa kaka yake mmoja wa upande wa mama katika mji wa Brea, na mwaka 1981 alimaliza sekondari huko.

Mimi ni muuguzi, na napenda kuwa mwangalifu hapa. Siwezi kusema kwamba Cynthia angetibiwa angepona. Saratani ina aina nyingi, na hata leo, pamoja na dawa zote zilizopo, wapo wagonjwa ambao hatuwezi kuwaponya. Lakini najua kwamba mgonjwa anayefika mapema hupewa nafasi ambayo aliyechelewa hana. Najua pia kwamba hata pale ambapo kupona hakupo, zipo dawa za kutuliza maumivu, upo usafi wa mwili, na zipo saa za kuzungumza na watoto wake kabla hajaondoka. Nafasi hizo zote zilipita ndani ya nyumba ile.

Kijana na gita lake

Mwaka huo wa 1981 James alikutana na kijana mzaliwa wa Denmark, Lars Ulrich, mpiga ngoma, aliyekuwa ametangaza gazetini kwamba anatafuta wenzake wa kupiga naye muziki. Wakaunda Metallica mjini Los Angeles. James akapiga gita na kuimba, ingawa mwanzoni hakuwa na uhakika na sauti yake, na bendi ilifikiria kutafuta mwimbaji mwingine.

Muziki waliouanzisha wao na wenzao unaitwa thrashi. Ni tawi la hevi metali, nayo hevi metali ni mtoto wa roki. Thrashi inatambulikana kwa kasi, ukali wa magitaa, na maneno juu ya vita, kifo, uonevu na wazimu. Bendi nne za Marekani ndizo zinazotajwa kuwa nguzo zake: Metallica, Megadeth, Slayer na Anthrax. Albamu ya kwanza ya Metallica ilitoka mwaka 1983, ya pili mwaka 1984, na ya tatu, "Master of Puppets", mwezi Machi 1986. Jina hilo lina maana ya bwana wa vikaragosi. Wimbo wenye jina hilo unahusu dawa za kulevya, jinsi zinavyomshika mtu na kumchezesha kama mwanasesere wa kamba.

Tarehe 27 Septemba mwaka huo huo, wakiwa safarini nchini Sweden, basi lao lilipinduka usiku. Mpiga gita la besi, Cliff Burton, kijana wa miaka 24, alifariki. Kwa James huo ulikuwa msiba mwingine mkubwa kabla hajapona ule wa kwanza. Bendi ilitafuta mtu wa kuziba nafasi na kuendelea na safari katika muda wa miezi michache. Vijana wale walizika huzuni yao kwa njia waliyoijua, nayo ilikuwa chupa. Walikunywa sana hata wakapewa jina la utani la kuwafananisha na ulevi.

Mwaka 1988 walitoa albamu ambayo wimbo wake mmoja, "One", uliwapatia tuzo ya Grammy mwaka 1990. Lakini sisi akina mama tuutazame wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, "Dyers Eve". Ni mfano wa barua ya mtoto kwa wazazi wake, akiwalaumu kwamba walimficha dunia hata alipotoka nje hakujua namna ya kuishi. Miaka minane ilikuwa imepita tangu mama azikwe, na mtoto ndiyo kwanza anajibu.

Sauti ilipokatika

Albamu ya tano ilitoka mwezi Agosti 1991. Jalada lake karibu lote ni jeusi, na kwa sababu hiyo watu huiita albamu nyeusi. Humo bendi ilipunguza kasi na kuweka mahadhi zaidi, na Hetfield akaanza kuimba badala ya kupiga kelele tu. Wakati wa kurekodi sauti yake ilichoka hata ikakatika. Ilimbidi aende kwa mwalimu wa sauti, akafundishwa kupumua na kupasha koo moto kabla ya kuimba, na mazoezi hayo akaendelea nayo kwa miaka mingi. Mwana wa mwimbaji wa opera alirudi, bila kukusudia, kwenye kazi ya mama yake.

Albamu hiyo iliuzwa kuliko zote walizowahi kutoa, zaidi ya nakala milioni 16 Marekani peke yake. Ndimo ulimo "Nothing Else Matters", wimbo wa mapenzi wa taratibu ambao hata asiyependa roki huenda ameusikia. Na ndimo ulimo "The God That Failed", maana yake Mungu aliyeshindwa.

Najua, dada mpendwa, kwamba jina hilo linachoma sikio la Mkristo. Mimi pia lilinichoma. Lakini tujiulize mtoto huyu alikuwa akisema na nani. Aliwahi kuambiwa kwamba mama akisali vya kutosha atapona. Mama alisali, akafa. Kwa akili ya kijana wa miaka 16 yalibaki mawazo mawili tu: ama Mungu hana nguvu, ama mama hakuwa na imani ya kutosha. Yote mawili ni mzigo usiobebeka. Wimbo ule ni kilio cha mtu aliyebeba mzigo huo kwa zaidi ya miaka 10. Ayubu alilalamika mbele za Mungu kwa maneno makali, na Zaburi zimejaa vilio vya watu waliodhani wameachwa. Mungu hakuwafukuza. Sisi tunaosikia kilio cha namna hiyo tusiwe wepesi wa kuhukumu kuliko Yeye.

Mwaka 1996 ilitoka albamu nyingine, na ndani yake nyimbo mbili za kumkumbuka Cynthia. "Until It Sleeps" unahusu ile saratani. "Mama Said" ni mwana anazungumza na mama ambaye hayupo tena kumjibu, na magitaa yake yametulia. Baba yake, Virgil, alifariki mwaka huo huo.

Baba mwingine asiyekuwepo

Mwaka 1997 Hetfield alioa. Kati ya mwaka 1998 na 2002 walijaliwa watoto watatu. Mtu angetegemea kwamba aliyeachwa na baba akiwa na miaka 13 angejua thamani ya kuwepo nyumbani. Lakini maumivu yasiyotibiwa hayamfundishi mtu, humrudisha pale pale. Mwaka 2001, mtoto wake wa pili alipotimiza mwaka mmoja, baba hakuwepo. Alikuwa Urusi, kwenye mawindo ya dubu, na pombe kali ilikuwepo kwa wingi. Habari hiyo aliieleza mwenyewe katika filamu iliyorekodi maisha ya bendi katika kipindi kile, "Some Kind of Monster", iliyoonyeshwa mwaka 2004.

Hetfield amesema wazi kwamba mkewe alimtoa nyumbani. Hakumfichia aibu yake, wala hakuwaambia watoto kwamba baba kasafiri kikazi. Mwezi Julai 2001 aliingia katika kituo cha kuwasaidia watu kuacha ulevi, akakaa mbali na bendi kwa miezi mingi. Aliporudi mwaka 2002 aliwaambia wenzake kwamba atafanya kazi kuanzia saa 6 mchana hadi saa 10 jioni tu, ili apate muda wa familia na wa kuendelea na tiba. Wenzake walikasirika, na filamu inaonyesha ugomvi huo waziwazi. Yeye hakulegeza.

Mwaka 2006 alipewa heshima na shirika la MusiCares, linalowahudumia wanamuziki wenye matatizo, kwa mchango wake katika kuwatia moyo wanaotaka kuacha ulevi. Mwaka 2010 alishiriki katika filamu ya "Absent", inayohusu madhara ya baba kutokuwepo katika maisha ya mtoto. Mwaka 2017 bendi ilianzisha mfuko wa hisani ambao husaidia mafunzo ya ufundi kwa vijana na chakula kwa wenye njaa.

Nisikupe hadithi tamu kuliko ukweli. Mwezi Septemba 2019 alirudi tena katika matibabu ya ulevi, na safari ya bendi ya Australia na New Zealand ikaahirishwa. Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba alifungua shauri la talaka baada ya ndoa ya karibu miaka 25. Sisi tunaofanya kazi na walevi tunajua kwamba kuanguka tena si ajabu katika ugonjwa huu. La muhimu ni kwamba mtu ajue pa kurudi, na asione haya kurudi.

Tarehe 12 Mei 2022, akiwa jukwaani Belo Horizonte, Brazil, mbele ya uwanja uliojaa watu, Hetfield alisimamisha muziki akasema kwamba kabla ya kupanda alikuwa na wasiwasi, akijiona mzee asiyeweza tena kupiga. Akasema aliwaeleza wenzake, nao wakamkumbatia na kumwahidi kwamba watamsaidia. Alipomaliza kusema, wenzake wakamwendea pale pale jukwaani wakamkumbatia tena. Mtoto ambaye hakuruhusiwa kulitaja neno saratani, sasa, akiwa na miaka 58, aliweza kutaja hofu yake mbele ya maelfu ya watu.

Sala na dawa si maadui

Mama mwenzangu, usiseme kwamba hayo ni ya Wamarekani na dhehebu lao. Wodini hatupokei tu wagonjwa waliochelewa kwa kukosa nauli. Tunapokea pia waliochelewa kwa sababu waliambiwa kwamba wameshapona, au kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Wanakuja uvimbe ukiwa umepasuka.

Biblia haifundishi hivyo. Mfalme Hezekia alipougua, Mungu alisikia sala yake, na nabii Isaya yule yule aliyeleta habari njema aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Msamaria mwema alifunga vidonda na kuvitia mafuta na divai (Luka 10). Paulo alimshauri Timotheo cha kutumia kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5), naye Luka, msafiri mwenzake, alikuwa tabibu (Wakolosai 4). Yakobo anatuagiza tuwaite wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta (Yakobo 5), wala hasemi kwamba daktari afukuzwe mlangoni. Ombewa, na dawa umeze. Ukiombewa Jumapili, Jumatatu nenda ukapimwe. Kama Mungu amekuponya, vipimo havitamwaibisha.

Usingoje maumivu. Saratani nyingi mwanzoni haziumi. Uonapo uvimbe kwenye titi au ngozi ya titi imebonyea, damu inayotoka nje ya siku zako, baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, kidonda kisichopona, au kukonda bila sababu, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Ukiwa umefika miaka 30, uliza juu ya uchunguzi wa mlango wa kizazi hata kama huna dalili yoyote.

Mwambie mtoto

Akina mama wengi huficha ugonjwa kwa upendo. Husema, "Sitaki kumtia mwanangu hofu." Lakini mtoto huona. Huona dawa chini ya mto, husikia shangazi wakinong'ona, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia, hutunga maelezo yake mwenyewe. Mara nyingi aliyoyatunga ni mabaya kuliko ukweli.

Mtoto wa chini ya miaka 6 hudhani kwamba mama anaumwa kwa sababu yeye alikuwa mkorofi. Mwambie kwa maneno machache kwamba hakusababisha, na umwambie nani atampikia na nani atamlaza ukiwa hospitali. Mtoto wa shule ya msingi ataje ugonjwa kwa jina lake. Ukimwambia ni "tumbo tu", kila tumbo litakapomuuma atadhani anakufa. Mweleze pia kwamba saratani haimwambukizi mtu kwa kula naye au kumkumbatia. Kijana mkubwa mwambie yote anayoyauliza, na usimgeuze kuwa mama wa nyumba. Mpe kazi, lakini mwachie shule yake na rafiki zake.

Usiahidi jambo usilolimiliki. Usimwambie, "Nitapona." Mwambie, "Madaktari wananitibu, tunamwomba Mungu, na kukiwa na habari mpya nitakwambia mimi mwenyewe." Halafu timiza.

Kifo kikija, mtoto asipelekwe kwa jirani hadi shughuli ziishe. Awepo, alie, aulize, atupe udongo kaburini kama anapenda. Asiambiwe kwamba wanaume hawalii. Na baba akiondoka nyumbani kwa sababu nyingine yoyote, tusiseme kasafiri. Tuseme ukweli bila kumtukana baba, maana mtoto anabeba nusu yake.

Na ule muziki wa kijana wako?

Nimeulizwa na wenzangu katika umoja wa wanawake kama kijana anayesikiliza muziki huu ameingiwa na pepo. Jibu langu ni kwamba kwanza keti naye. Mwombe akufafanulie wimbo anaoupenda, unasema nini, na kwa nini unamgusa. Huenda atakwambia ni gita tu. Huenda pia atakwambia kwamba mwimbaji ana hasira kama zake. Hapo, mama, acha mwiko na sufuria, usikilize. Ukiivunja simu yake hutasikia lile aliloliweka ndani ya nyimbo kwa sababu hakupata pa kulisema. Yapo maneno katika nyimbo hizo ambayo hutakubaliana nayo. Mwambie hivyo kwa upole, baada ya kumsikiliza.

Mithali 22 inatuagiza kumlea mtoto katika njia impasayo. Tumepewa misimu 72. Cynthia alimpenda mwanawe, sina shaka. Alimpa muziki, nidhamu na mfano wa kusali. Lililokosekana ni ukweli kusemwa wazi ndani ya nyumba, na mwanawe alitumia zaidi ya miaka 40 kuutafuta kwa gita. Wa kwako bado yuko hapo sebuleni. Kama una uvimbe unaouficha, au kama kuna safari ya baba isiyo na mwisho, zungumza naye wiki hii.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, katika kanisa letu mgonjwa anayekwenda hospitali huonekana amekosa imani? Tufanye nini ili asione haya?
2. Ni jambo gani nyumbani kwangu ambalo watoto wanaliona lakini hatulisemi?
3. Kikundi chetu kinaweza kuwasaidiaje watoto waliofiwa na mama, si siku ya mazishi tu bali hata mwaka unaofuata?
4. Ni lini mara ya mwisho nilipomwuliza kijana wangu juu ya muziki anaousikiliza, nikangoja jibu?